Kiti Kifupi cha Mwalimu Bilha Nakhungu

Mwalimu Bilha Nakhungu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1919 katika kijiji kimoja kando ya Malakisi, mtoto wa tatu wa Mzee Khaoya na Mama Nelima, wakulima wa wimbi na simsim. Tarehe hii hatukuikisia. Tuliisoma jana katika cheti chake cha ubatizo, kilichokuwa ndani ya sanduku lake la mbao pamoja na karatasi nyingine ambayo nitaitaja kabla sijamaliza.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1928 kwa jina lisilo lake. Aliyeandikishwa alikuwa dada yake, Priska, lakini Priska alimwogopa mbwa wa misheni, na asubuhi ya kwanza akarudia njiani. Baba yao alikuwa amekwisha kuahidi mtoto mmoja na hakutaka kuonekana mtu wa maneno mawili. Basi akapelekwa Bilha, na mwaka mzima mwalimu alipoita "Priska" yeye ndiye aliyeitika. Dada Priska yuko hapa leo, na ameniruhusu kulisema hili. Marehemu alipenda kulisimulia. Alisema jina likiitwa darasani lazima mtu aitike, la sivyo siku nzima inaharibika.

Mwaka 1934 alikwenda shule ya bweni ya wasichana upande wa Bungoma, na Desemba 1938 akapata cheti cha ualimu. Kiingereza alikipata huko, wakati wasichana waliokijua walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mimi niliyeandika haya niliishia darasa la nne, na darasa la nne la siku zetu lilikuwa la Kibukusu na Kiswahili tu. Maneno haya ameyapiga taipu Mwalimu Rahab Kabura, aliyekuwa mwanafunzi wa marehemu, akaninyooshea makosa ya kuandika. Yaliyobaki ni yangu. Mchungaji alitaka Mwalimu Rahab ndiye asome, kwa sababu wote mnajua mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Nimeomba nisome mwenyewe.

Tulifunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 14 Desemba 1940. Nilikuwa seremala Kitale, katika karakana ya Singasinga mmoja, nikitengeneza milango ya nyumba za walowezi. Nilikutana naye nilipotumwa kurekebisha madawati ya shule aliyokuwa akifundisha. Nilimaliza madawati ishirini na mawili bila kumwambia neno, na siku ya mwisho yeye ndiye aliyeanza kuzungumza. Shangazi yake alimwuliza nikiwa nimekaa hapo hapo, "Bilha, huyu kijana haongei. Utaishi na ukuta?" Marehemu akajibu, "Ukuta unasikia, shangazi. Hao wanaoongea ndio hawasikii."

Kuanzia 1941 hadi mwisho wa 1946 alifundisha watoto wa wafanyakazi katika shamba moja nje ya Kitale, kwenye barabara ya kwenda Suam. Darasani mwake walikaa Wabukusu, Wasabaot, Wakikuyu na Waturkana kwenye benchi moja, na kila mmoja alikuja na lugha ya mama yake. Hapo ndipo kazi yake kubwa ilipoanzia, na ilianza kwa msichana mmoja aitwaye Chepkemei, wa miaka kama sita.

Chepkemei alikuwa na wiki moja tu shuleni. Alisimama amebana miguu, anataka kutoka nje, hajui aseme nini. Mwalimu msaidizi, kijana aliyesoma vizuri, akamwambia kwa Kiingereza kirefu aeleze shida yake kwa sentensi kamili. Mtoto alisimama pale mpaka akajikojolea mbele ya wenzake. Kisha akakimbia. Marehemu alimkuta alasiri ndani ya mahindi, akapiga magoti mpaka macho yao yakawa sawa, akamfundisha maneno mawili ya kuomba kutoka, kwa kuonyesha mlango kwa mkono. Jioni aliporudi nyumbani hakula.

"Baba Sellah," aliniambia, "yule kijana anajua Kiingereza kunishinda. Lakini kile chake ni cha kuongea na wakubwa. Hana hata neno moja la kumwambia mtoto apanguse kamasi."

Tangu siku hiyo alianza kuandika katika daftari maneno ambayo mwalimu wa watoto wadogo anayahitaji kweli: simama hapa, ngoja zamu yako, nani amelia, nionyeshe panapouma, funga kifungo, nani hayupo leo. Alikiita Kiingereza cha magotini. Januari 1947 alipoitwa kufundisha katika chuo cha walimu cha misheni hapa karibu na Kamukuywa, alikuja na daftari nne. Mwaka uliofuata mkuu wa chuo alimkubalia masaa mawili kila Jumatano, kwa wale waliokuwa wakijiandaa kufundisha vidudu na madarasa ya chini.

Wanachuo walinung'unika mwanzoni. Mmoja alimwambia wazi, "Mwalimu, sisi tulikuja hapa tupate Kiingereza kikubwa. Sasa ni shika chaki, weka chaki?"

"Hicho kikubwa utamwonyesha nani?" marehemu akamwuliza. "Mtoto wa miaka sita? Haya, piga magoti. Uniambie nivue koti. Maneno yasizidi matano, na mkono utangulie mdomo."

Alijaribu, akashindwa, wenzake wakacheka. Baada ya wiki tatu hakuna aliyenung'unika.

Lakini kulikuwa na shida. Wanachuo walipojizoeza wao kwa wao, kila mmoja alikuwa anajua Kiingereza tayari, kwa hiyo mbovu na mzuri walionekana sawa. Watoto wa jirani nao walizoea sentensi zile haraka, wakawa wanaitika kabla mwalimu hajamaliza. Alihitaji mtu asiyejua, mwenye subira, ambaye baadaye angeweza kusema ni wapi alipochanganyikiwa.

Mwezi wa Juni 1948 nilipeleka chuoni viti kumi na viwili vya watoto nilivyovitengeneza. Mwanachuo mmoja, kwa mzaha, akaniambia kwa Kiingereza nifungue mlango. Mimi nikafungua dirisha. Watu walicheka, hata marehemu alicheka. Mwanachuo alikuwa ameanza kunifafanulia kwa Kiswahili. "Usimweleze!" marehemu akamzuia. "Mwache vile alivyo. Umemwonyesha mkono wako unaelekea wapi? Umeelekea dirishani. Yeye amekusikia vizuri, kosa ni lako."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtoto wa chuo. Nilijitengenezea kiti cha mvule, pa kukalia pana kwa mtu mzima na miguu mifupi kama ya kile cha mtoto. Nilitaka kuirefusha kidogo, akakataa. "Ukikaa juu watakuongelesha kama mzee wa kanisa." Kila Jumatano saa nne asubuhi niliacha karakana yangu sokoni Kamukuywa, nikapanda baiskeli, nikaenda kukalia kile kiti. Wanachuo walipiga magoti mbele yangu mmoja baada ya mwingine. Waliniita jina, nami niliitika "present", yaani nipo, neno la kwanza nililolijua. Walinifundisha kushika, kuweka, kuhesabu, kungoja. Nyumbani tulikuwa na patano kwamba marehemu asiniongeleshe Kiingereza hata neno moja, nisije nikaharibika. Na kila Jumatano jioni aliniuliza swali lile lile, daftari magotini: "Niambie ukweli, Baba Sellah. Palikushinda wapi?" Nilimwambia. Yule alisema haraka. Huyu alinionyesha kikombe akataja maji. Aliandika yote. Sikuwa nimewahi kuulizwa neno na mtu aliyesoma, na jibu langu likaandikwa.

Walimu waliopita mikononi mwake miaka ile ni sitini na wanne. Baadhi yao wako hapa.

Sasa nafika mahali pa kusema jambo ambalo halijawahi kusemwa.

Sisi Wabukusu mtu ana rika lake. Wale tuliotahiriwa pamoja Agosti 1928 tunaitana bakoki, na mkoki wako ana ruhusa ya kukuambia lolote, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Bakoki wangu walipojua ninakokwenda kila Jumatano, karakana yangu ikageuka kuwa mahali pa kuchekea.

"Absalom, leo mwalimu amekupa ruhusa ya kwenda choo?"

"Mwacheni bana, hajamaliza kuhesabu vidole."

"Si tulisimama mbele ya kisu pamoja, hata jicho hatukupepesa? Sasa ona, mwenzetu anakalia kiti ya mtoto mbele ya bibi yake!"

Miaka karibu mitatu nilicheka nao. Kisha mwanzoni mwa 1951 habari ikaja kwamba inspekta wa elimu angekuja kuona somo la magotini, Jumatano tarehe 14 Machi. Likimpendeza, lingefundishwa katika vyuo vingine na daftari za marehemu zingepigwa chapa. Lisipompendeza lingefutwa. Marehemu alimchagua Rahab Kabura, msichana kutoka shamba moja la Kitale, ndiye afundishe. Mwanafunzi nilikuwa mimi. Wiki ile alinifulia shati jeupe mara mbili.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa karakana nimevaa shati hilo. Bakoki wanne walikuwa wamekaa juu ya mbao. Kuloba aliniangalia akasema, safari hii bila kucheka, "Absalom, kwa bibi yako ni sawa, hayo ni ya nyumbani. Lakini leo ni mzungu. Ataandika kwa kitabu yake ati wanaume wa huku ni watoto. Na huyo mtoto mwenyewe ni wa rika letu."

Baiskeli ilikuwa imeegemea mlango, nzima. Chuo kiko maili moja tu, ukivuka daraja. Ilipofika saa nne nilichukua randa nikaanza kulainisha ubao uliokuwa tayari laini. Niliendelea mpaka saa saba. Bakoki walikuwa wameondoka zamani. Hapakuwa na mtu wa kunizuia wala wa kunicheka. Nilikuwa peke yangu na ule ubao, na sikwenda.

Yaliyotokea chuoni nilielezwa na wengine. Walimsubiri mwanafunzi wao mpaka inspekta akaangalia saa mara ya tatu. Mwanachuo mmoja akakalia kiti changu ili asaidie. Rahab alipiga magoti, akamwita jina, na kabla hajainua mkono yule akajibu kwa sentensi ndefu nzuri kabisa, kwa sababu woga ulimfanya aonyeshe anachojua. Watu walicheka. Inspekta aliandika. Nilipopanda baiskeli hatimaye, gari lake lilinipita darajani, nikala vumbi lake.

Marehemu alikuwa amesimama kando ya kile kiti. Hakunigombeza. Aliniuliza polepole, "Palikushinda wapi, Baba Sellah?"

Nilimwambia baiskeli ilipata pancha.

Aliangalia gurudumu. Kisha akasema, "Pole."

Barua ilikuja mwezi wa Mei. Ilikuwa ya Kiingereza, akanisomea kwa Kiswahili tukiwa tumekaa nje, mimi nikiwa nimeinamisha kichwa. Masaa ya magotini yaondolewe, Kiingereza kifundishwe kutoka kitabuni, na Mwalimu Bilha ahamie ushoni na usafi wa nyumba.

"Hawakusema kwa nini?" nilimwuliza.

"Wameandika tu vile wazungu wanaandika," alisema, akaikunja.

Miaka mitano iliyofuata alifundisha ushoni. Hakuna aliyemsikia akilalamika. Wasichana wake wa ushoni wanasema kila mshono aliwafundisha kwa Kiingereza, akiwa amepiga magoti kando ya cherehani, kwa hiyo kitu kidogo kilipita hata hivyo. Lakini walimu wa vidudu waliokuja baadaye hawakupata. Kile kiti kilirudi nyumbani. Alikuwa akikikalia akichambua mboga. Hakuniomba tena nikikalie, na mimi sikusema neno, nikijiambia kwamba ameamini ile pancha. Mwanamume akitaka kuamini jambo linalompumzisha, hahitaji ushahidi mwingi.

Mnamo Oktoba 1956 alianza kuumwa tumbo. Alitibiwa Bungoma, kisha akalazwa hospitali ya Kitale, ambako alipasuliwa tarehe 11 Aprili 1957. Madaktari walikuta uvimbe uliokwisha kusambaa, na walimhudumia kwa upole mpaka mwisho. Nilikaa naye kila siku. Wodi ile ilikuwa na watoto chumba cha pili, na aliposikia muuguzi mgeni akiwapigia kelele kwa maneno marefu alitabasamu, akainua vidole vitano kunionyesha: maneno yasizidi matano.

Wiki mbili kabla hajafa aliniangalia kwa muda mrefu. "Baba Sellah," alisema, "kuna kitu kinakushinda?"

Alinifungulia mlango wa kusema ukweli, na mkono wake ulionyesha mlango wenyewe. Nilimwambia, "Hakuna. Pumzika." Hata pale.

Alifariki Jumanne tarehe 6 Agosti 1957, saa mbili asubuhi, siku tatu baada ya kutimiza miaka thelathini na minane. Mimi na binti yetu Sellah tulikuwa kando yake.

Jana Mwalimu Rahab alikuja kunisaidia kupata tarehe za wasifu huu. Tulifungua sanduku. Chini ya cheti cha ubatizo na zile daftari nne ilikuwepo barua ya inspekta. Rahab alikuwa akitafuta kitu kingine, barua ikabaki mkononi mwangu. Nilijua siwezi kuisoma, nikaitazama tu vile mtu anavyotazama picha. Kisha katikati ya mistari niliona neno nililolijua. Niliona "present". Mbele yake kulikuwa na "not", ambalo nililijua pia, kwa sababu tulicheza sana ule mchezo wa nani yupo na nani hayupo. Na mbele ya hilo "pupil", mwanafunzi. Nilisoma tena na tena. The pupil was not present. Mwanafunzi hakuwepo. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kiingereza niliyoisoma peke yangu maishani. Ina maneno matano.

Nilimpa Rahab aisome yote. Alisoma kimya, akakaa chini. Inspekta alikuwa ameandika kwamba maneno ya somo ni mazuri na mwalimu ana kipaji, ila mwanafunzi hakuwepo, kwa hiyo aliloliona ni maigizo, na maigizo hayawezi kupewa masaa ya chuo. Hiyo ndiyo sababu yote. Marehemu aliponisomea barua hii mwaka 1951 aliruka mstari huo. Aliujua miaka sita, akauweka chini ya sanduku, akaendelea kunipikia.

Ningependa kusema alinisamehe. Labda. Lakini sikumpa nafasi ya kunisamehe, kwa kuwa hakuna nililomwambia. Kuloba yuko hapa. Tangu jana ndiye aliyechimba kaburi hili na hakukubali kupokewa jembe. Mtu asimtazame vibaya. Yeye alisema neno la mkoki, na mkoki ana ruhusa. Miguu ilikuwa yangu.

Kwa hiyo najibu sasa, Mama Sellah, mbele ya wanafunzi wako. Haikuwa pancha. Palinishinda Kamukuywa, mlangoni mwa karakana yangu, saa nne asubuhi, baiskeli ikiwa nzima. Niliona haya kuitwa mtoto. Hapo ndipo paliponishinda.

Mwalimu Rahab amezichukua zile daftari nne. Anasema shule yake ya Kitale ina walimu watatu wapya wa vidudu, na ataanza nao Jumatano ijayo. Ameniuliza kama ninajua mtu asiyejua Kiingereza, mwenye subira. Nimemwambia mimi sasa nimeharibika kidogo, najua sentensi moja. Amesema si neno.

Marehemu ameacha mume, Absalom Mukhisa. Watoto, Sellah, Bramwel na Zachary. Mama yake mzazi, Mama Nelima. Dada yake, Priska. Wakwe, wajomba, mashemeji na jamaa wa Malakisi, Kamukuywa na Kitale. Na walimu sitini na wanne ambao kila mmoja aliwahi kupiga magoti mbele yangu na kufanya kazi yake vizuri.

Wazee wameniwekea kiti pamoja nao hapo mbele, na nawashukuru. Sitakikalia. Nimekibeba kile kifupi kutoka nyumbani, kiko hapa kando ya kaburi, na nikimaliza mstari huu nitakaa juu yake mpaka udongo umalizike.

Pumzika, Mwalimu. Ukiita jina, leo nipo.